Mgeni alipe zaidi kuingia ngome? Uzi mfupi

1/ Wadau, bei za Fort Jesus zikitajwa tu, mtu hupiga kelele: "Kumtoza mgeni zaidi ni ubaguzi!" Twende pole pole.

2/ Tower of London nililipa sawa na Muingereza. Ile inaendeshwa na shirika la hisani lisilopewa pesa za serikali, kwa hivyo hakuna mwenyeji wa kusema "kodi yangu iko humo."

3/ Louvre, iliyoanza kama ngome ya wafalme wa Ufaransa, serikali huchangia. Tangu Januari 2026 mtu wa Umoja wa Ulaya analipa yuro 22, sisi 32. Muingereza pia 32, si walitoka wenyewe? (Hapo nilicheka.)

4/ Hoja ya kodi naielewa. Shida ni kwamba pasipoti haijui mfuko: mwalimu wa Kakamega analipa kuliko bwanyenye wa Luxembourg.