Jahazi la Kandambili

Wajukuu zangu, mnajua mkoa wetu wa Katavi umepata jina lake kwa nani? Wazee wanasimulia kwamba zamani palikuwa na mwindaji hodari aliyeitwa Katabi. Alipofariki, roho yake haikwenda mbali. Ilikaa ndani ya mkwaju mmoja kando ya ziwa, huko ambako leo ni Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Watu walipeleka sadaka chini ya mkwaju huo kuomba baraka, na wapo wanaopeleka hata sasa. Sasa niambieni, nani angethubutu kuukata? Hifadhi ilitangazwa mwaka 1974. Hapo kale hapakuwa na bango wala askari wa wanyamapori, lakini mti ulikuwa na mlinzi, na mlinzi huyo alikuwa hadithi.

Leo nawasimulia habari za watu wanaoendelea na kazi hiyo ya kulinda kwa hadithi, ila wao hutumia rangi, mbao, taka, hata barafu. Ni wasanii wa siku hizi, na wanahangaika na jambo lile lile linalotuhangaisha sisi: dunia inapata joto, mvua zimekuwa hazieleweki, mito inakauka.

Tuanzie nyumbani, kwa Mto Katuma. Maji yake yanapita kwenye mashamba ya mpunga ya huku Mpanda, yanaingia hifadhini, yanatandaa katika Ziwa Katavi na Ziwa Chada, kisha yanaungana na Mto Kavuu hadi Ziwa Rukwa. Hapo ndipo mwisho wa safari, kwa sababu Rukwa halina mto unaotoka. Chochote kinachochukuliwa na maji mpaka kule hakina njia ya kwenda baharini. Likumbukeni jambo hilo, tutalihitaji mbele.

Ukifika Ikuu, ndani ya hifadhi, mwezi wa Oktoba kabla mvua hazijaanza, utaona kitu ambacho wageni hupanda ndege kutoka Ulaya kuja kukitazama. Viboko kwa mamia wamebanana katika dimbwi moja la tope, migongo imegusana, wamepakwa matope na kinyesi chao wenyewe. Dume mmoja akijigeuza, kumi wanasogezwa kwa nguvu, na ugomvi unaanza, meno yanagongana, damu inatoka. Kwenye kingo za mto mkavu kuna mashimo. Chungulieni kwa mbali tu, maana ndani wamelala mamba, mmoja juu ya mwingine, wakisubiri maji yarudi. Wageni hupiga picha na kusema ni ajabu kubwa, na kweli ni ajabu. Lakini zamani Katuma ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Watafiti walioufuatilia wameandika kwamba katika miaka ya karibuni umekuwa ukikatika kabisa wakati wa kiangazi. Sababu si moja. Maji yanachepushwa huko juu kwenda mashambani, miti kwenye vyanzo inakatwa, na mifugo imeongezeka. Aliyechepusha maji si mtu mbaya. Naye ana watoto wanaosubiri wali.

Juu ya hayo kuna hilo joto. Tunapochoma mafuta, makaa ya mawe na misitu, hewa ya ukaa hupanda na kubaki angani kama blanketi lililoongezwa juu ya mtu ambaye tayari amejifunika. Dunia inashindwa kupoa. Kule Karema wanakonunuliwa dagaa, Ziwa Tanganyika limepata joto pia. Mwaka 2003 wanasayansi walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba maji ya juu yakishapata joto hayachanganyiki vizuri na maji ya chini, na virutubisho vilivyoko kilindini havipandi juu kulisha vijimea vidogo sana ambavyo ndivyo mwanzo wa chakula cha samaki. Chakula kikipungua, dagaa nao hupungua.

Yote hayo yameandikwa kwenye vitabu na ripoti. Mbona basi watu hawashtuki? Kwa sababu mtu akisoma kwamba dunia inaongezeka joto kwa nyuzi moja na nusu, hasikii chochote mwilini. Nambari hiyo anaielewa, kisha anakwenda kulala. Hapo ndipo msanii anapoingia. Anakichukua kitu chenyewe kinachozungumziwa, anakileta mbele yako, na anakuacha nacho.

Desemba 2015 wakuu wa nchi walikutana Paris, Ufaransa, kuzungumzia tabianchi. Msanii mmoja, Olafur Eliasson, pamoja na mtaalamu wa miamba kutoka Greenland, Minik Rosing, walileta mapande 12 ya barafu yaliyokuwa yamemeguka na kuelea baharini huko Greenland. Waliyapanga kwa duara kama uso wa saa katika uwanja wa wazi jijini, wakayaacha yayeyuke. Kazi ikaisha hapo. Watu waliweka viganja juu ya barafu iliyokaa maelfu ya miaka, wengine waliikumbatia, watoto waliilamba. Mwaka 2018 wawili hao walirudia kazi hiyo London. Wapo waliouliza: je, kusafirisha barafu hadi mjini si kuchoma mafuta zaidi? Ni swali la haki, na wenyewe walikubali lipigiwe hesabu hadharani. Mimi nawaheshimu kwa hilo. Na msidhani barafu ni habari ya Wazungu. Barafu ya Kilimanjaro yetu imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912.

Lakini kazi ninayoipenda kuliko zote ilifanyika Lamu, huko pwani ya Kenya.

Bahari huleta vitu ufukweni. Zamani ilileta magogo na makombe. Siku hizi inaleta chupa, vifuniko, miswaki, na kandambili, yaani hizi hizi ndala mlizovaa. Kandambili ni nyepesi, haizami wala haiozi, kwa hiyo huelea miezi na miezi mpaka ipate mchanga wa kupumzikia. Watu kadhaa wakajiuliza: taka hizi haziwezi kuwa chombo? Walimwendea fundi wa majahazi wa Lamu, Ali Skanda, mtu aliyeijua mbao kwa mkono wake. Kuanzia mwaka 2016, wao na wakazi wa huko walikusanya plastiki kutoka fukwe na mitaa.

Sikilizeni kazi ilivyokwenda. Kwanza plastiki inachambuliwa, aina kwa aina, kwa sababu plastiki za aina tofauti hazikubali kuyeyushwa pamoja. Inasafishwa, inasagwa vipande vidogo, inapashwa moto, inasindikwa kwenye kalibu mpaka itoke mbao ndefu, nzito. Kisha zinaletwa kwa mafundi, nao wanashika zana walizozoea, msumeno na randa, wanachonga mkuku na mataruma kama walivyofundishwa na wazee wao. Ila mti na plastiki vina tabia mbili. Mbao ikiingia maji huvimba na kuziba nafasi zake. Plastiki haivimbi, na jua likiiwakia inalainika na kutanuka. Fundi aliyebobea ilibidi aanze kujifunza upya kazi aliyokuwa akiijua maisha yake yote. Jahazi lilipokamilika, walilivika kandambili zipatazo 30,000, zilizosafishwa na kukatwa vipande, nyekundu, buluu, njano, kijani, ubavu mzima. Lilikuwa na urefu wa mita 9 hivi, na ndani yake mlikuwa na plastiki tani 10. Wakaliita Flipflopi.

Lilishushwa majini Septemba 2018. Mwanzoni mwa mwaka 2019 likapandisha tanga likasafiri kilomita zipatazo 500 kutoka Lamu hadi Zanzibar, likitia nanga njiani. Kila lilipofika watu waliteremka ufukweni kulitazama, watoto wakalipapasa wakitafuta kandambili inayofanana na yao. Mwaka 2021 lilipelekwa Ziwa Viktoria, likazunguka pande za Kenya, Uganda na Tanzania.

Nimeona michoro mingi ya dunia yenye macho, inalia machozi. Mmewahi kuichora hata nyinyi shuleni siku ya mazingira. Sikatai, lakini naona jahazi lile linasema zaidi. Dunia inayolia inaomba uionee huruma, na huruma huisha ukigeuza kisogo. Jahazi linakuuliza kandambili yako ya mwaka jana iko wapi. Nani kati yenu anaweza kujibu? Tani 10 ni kidogo mno mbele ya mamilioni ya tani zinazoingia baharini kila mwaka, na waliolijenga hawakudanganya kwamba wamesafisha bahari. Walitaka kuonyesha kwamba kitu tunachokiita taka bado kina nguvu za kubeba watu juu ya mawimbi, na kwa hiyo kukitumia mara moja na kukitupa ni upotevu. Tena plastiki hutengenezwa kwa mafuta na gesi ya ardhini, vitu vile vile vinavyoipasha dunia joto. Sasa rudini Rukwa, ziwa lisilo na mlango wa kutokea. Kandambili ikitupwa kwenye maji ya Katuma haitapata bahari ya kuisukuma mpaka Lamu.

Yuko pia msanii wa Nairobi, Cyrus Kabiru, aliyezaliwa mwaka 1984. Alipokuwa mdogo alitamani sana miwani, na baba yake hakutaka hata kusikia. Baba alikuwa na sababu: utotoni alipewa miwani, akaipoteza, akapigwa. Akamwambia mwanawe, kama unaitaka, itengeneze. Basi Kabiru akaokota waya, vijiko, vizibo, vyuma vya redio mbovu, akatengeneza miwani ya ajabu ambayo huwezi kusomea gazeti lakini ukiivaa kila mtu anageuka. Miwani hiyo leo inaonyeshwa katika majumba ya sanaa duniani. Alitumia alivyovipata. Hata mzee wetu Edward Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 alitumia rangi za baiskeli juu ya mbao za dari.

Mmoja wenu ataniuliza: je, wasanii wenyewe hawaharibu mazingira? Wanaharibu, ndiyo. Vinyago vya Wamakonde mnavyovisikia huchongwa kwa mpingo, mti mweusi mgumu ambao huchukua zaidi ya miaka 60 kukomaa. Ulaya mti huo huo hutengenezewa zumari za okestra. Kila kinyago kizuri kimekula mti. Kenya mpingo ulipoadimika, wachongaji wa Kikamba walihimizwa wahamie mwarobaini na mwembe, miti inayokua haraka, na wengi wamefanya hivyo, ingawa kinyago cha mwarobaini hakina weusi ule unaong'aa. Naona wameonyesha ujasiri mkubwa, kuacha mti uliowapa jina.

Na kule Kilimanjaro alikuwapo mtaalamu wa mimea, Sebastian Chuwa. Filamu moja ilitengenezwa kuhusu mpingo, naye alionekana ndani yake. Mmarekani mmoja aliyekuwa fundi wa kukereza mbao, James Harris, aliitazama huko Texas, akashtuka kwamba mti anaoutumia karakanani unakwisha. Akamwandikia Chuwa barua. Mwaka 1996 wakaanzisha mradi wa kuhifadhi mpingo, na Chuwa akaotesha miche na kuipanda akisaidiwa na vikundi vya wanafunzi, watoto wa rika lenu, mpaka alipofariki mwaka 2014. Miti waliyoipanda watoto wale bado haijafikia umri wa kuchongwa, na waliipanda wakijua hivyo.

Sasa mnataka kujua mtafanya nini nyinyi, hapa Mpanda, ambako hakuna duka la rangi za wasanii wala bahari ya kuleta kandambili. Nendeni jikoni. Chukueni kipande cha mkaa. Huo mkaa ulikuwa mti wa miombo, pengine kutoka porini ambako sasa kuna shamba la tumbaku na bani la kukaushia lenye njaa ya kuni. Wachoraji wa dunia nzima huchora kwa mkaa kwa sababu unatoa mstari mweusi laini, na ukiupaka kwa ubavu unatoa kivuli. Chagueni kipande chembamba, kisicho na ufa. Karatasi ya mfuko wa saruji inatosha, upande ule wa ndani. Ikung'uteni vumbi kwanza. Kisha choreni mti ambao mkaa ule ulitokana nao: gome lake, matawi yake, mzinga wa nyuki kama ulitundikwa, ndege waliokaa.

Hapo mtagundua kwamba hamwezi kuuchora bila kwanza kuujua. Kwa hiyo mwulizeni mwuza mkaa ni mti gani, na umetoka upande upi. Mwulizeni kwa adabu, mkianza na shikamoo, kwa maana huyo ndiye anayeijua miti kuliko mwalimu, na hakuna aliyewahi kumwuliza. Akisema mtundu, andikeni mtundu chini ya mchoro, na jina la kijiji. Akisema mninga, mkasirike kidogo, maana mninga ni wa kutengenezea vitanda na milango. Mkipata michoro ishirini, mwombeni mwalimu mkuu ukuta mmoja wa darasa, muibandike ikiwa imepangwa kwa vijiji, kuanzia cha karibu na mjini hadi cha mbali, ili kila anayepita aone mkaa wetu unatoka umbali gani. Mwakani mchore tena, mlinganishe. Na majina ya miti msiyoyaelewa nileteeni, maana mingine mimi naijua kwa Kikonongo tu.