Chai ya Artemisia Si Dawa Mseto

Wiki iliyopita niliulizwa tena, mara tatu kwa siku moja: "Kama dawa mseto inatokana na artemisia, nami artemisia ninayo uani, vidonge vya nini?"

Wa tatu kuuliza alikuwa mzee mmoja aliyefika kwenye dirisha la dawa na chupa ya chai kwapani. Akaifungua, ukapanda ule uchungu unaofika kooni kabla hujaonja. Wasomaji wa Biblia wanaujua ukoo wa mmea huo kwa jina la pakanga. "Mwanangu," akaniambia, "hii nimeinywa siku saba. Homa iliisha siku ya pili. Sasa imerudi." Mkono wa pili ulishika cheti cha maabara: vimelea vya malaria vimeonekana kwenye darubini.

Mzee hakusema uongo. Homa iliisha kweli, na hapo ndipo chai hii inapowapoteza watu. Majani yake yana artemisinini, na artemisinini huua vimelea kwa kasi kubwa. Ukiipata kidogo, hufa wengi, mwili unapoa, mgonjwa anaamka na kudai ugali. Waliobaki hawaleti homa kwa kuwa ni wachache mno. Wanazaliana kimyakimya, na baada ya wiki mbili au tatu mgonjwa yuko kitandani tena, akidhani ameumwa na mbu mwingine. Kupoa kwa homa si kupona malaria. Nimelisema hili mara nyingi na nitaendelea kulisema.

Kuna wanaonijibu kwamba Wachina wameutumia mmea huu, wao wanauita qinghao, tangu enzi na enzi. Ni kweli. Tabibu Ge Hong aliuandika katika karne ya 4 kuwa dawa ya homa za vipindi. Lakini hakusema uchemshwe. Alisema uloweke konzi moja majini, ukamue, unywe maji yake. Mwanasayansi Tu Youyou, aliyekuwa akitafuta dawa ya malaria nchini China, alikuwa akipata matokeo ya kubahatisha hadi aliporudi kwenye maneno hayo na kutambua kwamba moto ndio ulioiharibu dawa. Akatumia etha, inayochemka kwenye nyuzijoto 35 tu, na mwaka 1971 akapata dondoo iliyoua vimelea vyote kwa panya. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Kwa hiyo anayemtaja Tu Youyou huku sufuria yake inatokota jikoni hajamsikiliza Tu Youyou.

Tuje kwenye vipimo. Artemisinini haipendi maji. Nyingi hubaki kwenye majani unayoyamwaga. Watafiti walipopima lita moja ya chai iliyotokana na gramu 9 za majani makavu, walikuta takriban miligramu 94. Dozi iliyozoeleka ya artemisinini kwa mtu mzima ilikuwa miligramu 500 kwa siku. Hata hizo 94 ni za majani yale yaliyopimwa. Mmea mmoja unaweza kuwa na dawa mara nyingi zaidi ya jirani yake, kutegemea mbegu, siku ya kuvuna na namna ulivyokaushwa. Ukiangalia kikombe huwezi kujua kilicho ndani, na mimi pia siwezi.

Wengine wanainywa kila asubuhi kama kinga. Hili ndilo linaloniudhi zaidi. Artemisinini hupungua nusu mwilini kila baada ya saa 2 au 3, basi ya asubuhi imekwisha kabla mbu wa usiku hajatoka. Tena ini likiizoea huongeza vimeng'enya vya kuivunja, na kiasi kinachofika kwenye damu hushuka siku hadi siku. Vimeng'enya hivyo hivyo vinaweza kuvunja dawa nyingine, zikiwemo baadhi ya ARV. Anayetumia ARV na kunywa chai hii amweleze mtoa huduma wake leo.

Na kuna jambo la sisi sote. Vimelea vinavyoistahimili artemisinini kwa kiasi vimeshathibitishwa Rwanda, Uganda na huku kwetu Kagera. Sisemi chai ndiyo iliyovileta. Nasema kumpa kimelea dozi pungufu ni kuwaacha hai wale wale tunaowaogopa. Ndiyo maana dawa inaitwa mseto: artemetha, inayotokana na artemisinini, huua wengi upesi, lumefantrini hubaki mwilini siku kadhaa ikimalizia waliobaki. Chai haina huyo mwenzake. Shirika la Afya Duniani lilieleza wazi mwaka 2019 kwamba haliungi mkono matumizi ya majani haya, kwa tiba wala kwa kinga.

Sasa la kufanya. Homa ikianza, pima kwanza. Si kila homa ni malaria. Ukikutwa nayo, mtu mzima anameza vidonge vinne vya mseto, vinne tena baada ya saa 8, kisha vinne asubuhi na jioni kwa siku mbili, jumla 24, hata kama umepoa siku ya kwanza. Meza pamoja na chakula chenye mafuta, au maziwa. Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, rudi kituoni. Mjamzito aseme ana mimba kabla ya kupewa dawa. Mtoto mwenye degedege, asiyeweza kunyonya au asiyeamka, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Anahitaji sindano ya artesunati. Kinga ni chandarua chenye dawa.

Mzee nilimpa mseto wake, akameza vidonge vinne vya kwanza mbele yangu kwa maziwa. Wewe mwenye artemisia uani, homa ikikushika jioni ya leo, usiwashe jiko. Nenda ukapime.