Neno "Msafara" Baharini

Neno "msafara" limetokana na "safari", na zamani lilizoeleka kwa wapagazi na wafanya biashara waliofuatana bara. Baharini pia hutumika: ni merikebu nyingi ziendazo pamoja chini ya ulinzi wa manowari. Kanuni ni ile ile. Mwendo wa wote ni ule wa chombo kiendacho polepole kuliko vyote.

Msafara wa KR 8, wenye merikebu tano za askari, ulitoka Kilindini Februari 1944 kwenda Colombo. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga Khedive Ismail, iliyochukua kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Ilizama kwa dakika mbili hivi. Manowari Petard ikaiwinda nyambizi, ikitupa mabomu hapo hapo walipokuwa wakiogelea walionusurika. Kati ya watu 1,511, walikufa 1,297.

Kamusi ikisema msafara ni "kundi la wasafiri", yasema kweli, wala haisemi yote. Ni kundi lenye ahadi ya kulindana, na ahadi hiyo ina mpaka wake.