Pete ya uchumba: Usiuziwe chupa ukidhani almasi!

Wiki hii nazungumza zaidi na akina kaka ambao mioyo imeshatua na sasa wanahesabu vijisenti vya kumvisha mtu pete. Akina dada msifunge ukurasa. Pete ni yenu, na mkiingizwa mjini mnaingizwa wote wawili.

Siku hizi dhahabu tupu haiwatoshi wengi. Wanataka kijiwe kinachometameta, tena almasi. Sina ugomvi nao. Kinachonishangaza ni kwamba mtu huyo huyo akinunua gari la mtumba atalikagua mpaka uvunguni, lakini kwa sonara anakodolea macho mng'aro na kutoa pochi. Mng'aro hata chupa inao, bwana!

Almasi ina mambo manne ya kukagua: uzito, mkato, rangi na usafi.

Uzito

Almasi hupimwa kwa karati, na karati 5 ndiyo gramu 1. Usichanganye na karati za dhahabu, ambazo ni za ubora: 24 ni dhahabu tupu, 18 ni dhahabu robo tatu. Ukiambiwa "hii ni karati 18", ujue unaambiwa habari za pete, siyo za jiwe.

Bei nayo haipandi kwa ngazi sawa. Jiwe la karati 1 huuzwa zaidi ya mara mbili ya bei ya nusu karati yenye ubora ule ule, maana makubwa ni adimu. Tena bei huruka ikifika nusu, 1, au 1 na nusu. Mjanja anaulizia karati 0.9. Kwa jiwe la duara tofauti ya upana ni kama milimita 0.3 tu, na hakuna shangazi atakayekuja na rula kwenye sherehe.

Mkato

Hapa usibane. Mkato ndio unaorudisha mwanga machoni. Jiwe kubwa lililokatwa vibaya hupooza kama macho ya mtu aliyekesha disko.

Ushahidi uko hapa hapa nyumbani. Mwaka 1947 huko Mwadui, Shinyanga, kwenye mgodi wa Mcanada John Williamson, ilipatikana almasi ya pinki ya karati 54.5. Williamson alimzawadia Elizabeth wa Uingereza, wakati huo akiwa binti mfalme, kwa ajili ya harusi yake. Ilipokatwa zilibaki karati 23.6. Zaidi ya nusu ilikwenda na vumbi, na ndivyo ikawa moja ya almasi za pinki zinazosifika duniani.

Rangi na usafi

Rangi hupewa herufi, kuanzia D hadi Z. D haina rangi kabisa, na kadiri unavyokwenda Z ndivyo umanjano unavyoingia. Ukishalifunga jiwe la G au H kwenye pete, jicho la kawaida halitaona tofauti yake na D, ila pochi itaiona. Kwenye dhahabu ya njano hata I au J inapendeza.

Usafi ni habari ya vidoa vya ndani, na hukaguliwa kwa lenzi inayokuza mara 10. Safi kabisa ni FL, kisha IF, VVS, VS, SI, na mwisho I. Ya VS2, au SI1 uliyoikagua mwenyewe ukaona haina doa machoni, inakutosha. Mchumba hatembei na lenzi.

Wajanja wa mjini

Mwaka jana jamaa yangu alikuwa na mshiko alioukusanya miezi 18. Humo humo mlikuwa na mahari na kodi ya nyumba ya kuanzia maisha. Muuzaji mmoja akamwekea jiwe mezani, akaligusa na kakalamu ka kupimia, taa ikawaka. "Umeona mwenyewe, kaka?"

Nilikuwa pembeni, nikauliza cheti kiko wapi. Akaanza kupiga chenga. Tukasema basi twende nalo kwa sonara mwingine akalipime. Jiwe likarudi mfukoni haraka! Jamaa akaondoka na fedha yake, na Desemba alioa.

Kakalamu kale hupima jinsi joto linavyopita. Zirkonia inanaswa, lakini moisanaiti inapita kama almasi. Kupulizia pumzi uone ukungu ukitoweka upesi ni dokezo tu. Na yule kijana anayekuvuta chemba na kijiwe kwenye karatasi, "cha Mwadui hiki, cha chapchap", mkimbie. Biashara ya madini ni ya wenye leseni.

Dawa ni cheti cha maabara inayoheshimika kama GIA ya Marekani. Chukua namba ya cheti, ihakiki kwenye tovuti yao. Mawe mengi yana namba hiyo ukingoni, imeandikwa kwa leza. Msomeshe sonara akuoneshe kwa lenzi.

Cheti pia kitakuambia kama jiwe lilitengenezwa maabara. Hiyo ni almasi ya kweli, siyo feki, lakini bei yake imeporomoka sana miaka hii. Inunue ukipenda, ila usilipie bei ya iliyotoka ardhini.

Na tanzanaiti yetu ya Mererani? Nzuri mno, lakini ni laini. Kwenye kipimo cha ugumu almasi ina 10, yenyewe iko kati ya 6 na 7. Kwa mkono unaosugua masufuria kila siku, itafaa zaidi kwenye hereni.

Mwisho, ile kanuni ya kumaliza mishahara miwili kwenye pete ilienezwa na matangazo ya De Beers, wauza almasi wenyewe! Siyo mila ya bibi wala babu. Na ukitaka kuiuza kesho, dukani watakupa bei ya kukuliza. Kwa hiyo ondoa kwanza mahari, kodi na chakula cha miezi mitatu. Kinachobaki ndiyo bei ya pete.

Anayekupenda atavaa. Anayehesabu karati kabla ya kusema "ndiyo", kazi kwako!