Kisima Kirefu na Meno ya Watoto wa Singida

Mji wa Singida umekaa juu ya mwamba wa kale wa graniti, mita zipatazo 1,500 kutoka usawa wa bahari, katika nyanda kame za katikati ya Tanzania ambako mvua hunyesha msimu mmoja tu, kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili hivi, na katika miaka mingi haifiki milimita 800. Hakuna mto wa kudumu unaopita mjini hapo, na maziwa mawili yanayoupamba, Singidani na Kindai, hayana njia ya kutolea maji: yanayoingia hubaki humo mpaka jua liyakaushe na kuacha chumvi, hivyo heroe huyafurahia lakini binadamu hawezi kuyanywa. Ndiyo maana mji huu, tangu enzi za visima vilivyochimbwa kwa jembe na sururu hadi visima virefu vya Mwankoko ambavyo maji yake husukumwa na mamlaka ya maji ya mji, SUWASA, kuelekea majumbani, umeishi kwa maji ya ardhini, yaani maji ya mvua yaliyopenya udongo na kutulia katika nyufa za mwamba.

Mjadala wa maji katika mikoa mikavu kwa kawaida huhusu wingi: ni ndoo ngapi, kutoka umbali gani, na kwa foleni ya saa ngapi. Watafiti wa mazingira na afya ya jamii huongeza swali jingine, gumu zaidi kwa kuwa macho na ulimi havina jibu lake, nalo ni nini kilichoyeyuka ndani ya maji hayo. Katika Singida, kama ilivyo katika Arusha, Manyara, Kilimanjaro na Shinyanga, jibu linalotia wasiwasi ni floridi, chumvi ya elementi iitwayo florini, ambayo ikiwa ndani ya maji haina rangi wala harufu, na kwa viwango vinavyopatikana kisimani mnywaji haionji kamwe.

Chimbuko lake ni mwamba wenyewe. Graniti imebeba madini kama floriti, apatiti na biotiti, ule ulanga mweusi unaometameta katika mawe yaliyotapakaa kila pembe ya mji, na madini hayo huachia floridi polepole kadiri maji yanavyokaa yakiyagusa, kwa hiyo kisima kirefu ambacho maji yake yamelala ardhini kwa miaka mingi mara nyingi huwa na floridi nyingi kuliko kisima kifupi kilichojazwa na mvua ya msimu uliopita. Kuna jambo jingine ambalo halijulikani sana nje ya maabara. Kalsiamu, ambayo ndiyo huyafanya maji yawe magumu, yaani yasitoe povu la sabuni upesi na yaache utando mweupe ndani ya birika, hushikana na floridi na kuifanya ijitenge na maji, ilhali maji yenye sodiamu na baikaboneti nyingi, ambayo ni laini na hutoa povu jingi, huiacha floridi huru. Si kanuni isiyovunjwa, lakini ina maana kwamba kisima kinachosifiwa na wafuaji kwa kuwa sabuni yake haiishi kinaweza kuwa ndicho kinachostahili kupimwa kwanza.

Ofisi ya Bodi ya Maji Bonde la Kati, moja ya bodi tisa zinazosimamia mabonde ya maji ya Tanzania, ipo Singida, na sura ya bonde hilo inaeleza nusu ya tatizo. Ni bonde lisilopeleka hata tone baharini. Mito yake huishia katika maziwa kama Natron, Manyara na Eyasi, ambako maji hupaa angani kama mvuke na kilichoyeyuka hubaki, mwaka baada ya mwaka. Kimojawapo cha viwango vya juu kabisa vya floridi vilivyowahi kuandikwa na watafiti nchini, miligramu 690 kwa lita, kilipimwa katika maziwa ya Momella mkoani Arusha na matokeo yake kuchapishwa mwaka 1984. Hakuna anayekunywa maji ya Momella, ila tarakimu hiyo inaonyesha jinsi floridi inavyoweza kurundikana mahali ambapo maji hayana pa kutokea.

Mwilini, floridi ina sura mbili. Ikiwa kidogo, chini kidogo ya miligramu 1 kwa lita, hukinga meno yasioze, na ndiyo sababu huwekwa katika dawa ya mswaki; ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ni kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani, huanza kudhuru enameli, yaani ganda gumu la nje ya jino, wakati linapojengwa ndani ya taya. Ujenzi huo hufanyika tangu utotoni hadi umri wa miaka minane hivi, hivyo mtoto aliyelelewa kwa maji yenye floridi nyingi hutoa meno ya ukubwani yakiwa tayari yana mistari myeupe kama chokaa, mabaka ya kahawia au, hali ikiwa mbaya, vishimo, na hakuna mswaki unaoweza kuyasafisha kwa sababu doa haliko juu ya jino bali limo ndani yake. Vijana wengi hubeba lawama ya uchafu wasioutenda. Ubaya wa pili huchelewa zaidi: mtu anapokunywa maji yenye floridi nyingi mno kwa miaka mingi, mifupa hujaa madini hayo, viungo hukakamaa, mgongo hauinamiki, na kwa baadhi ya watoto miguu hupinda.

Utafiti wa jambo hili nchini una umri mkubwa kuliko Muungano. Uhusiano kati ya maji na meno yenye mabaka ulithibitishwa Marekani mwaka 1931, baada ya daktari wa meno Frederick McKay kuuchunguza kwa miongo mitatu tangu alipofika Colorado, na kufikia mwaka 1964 madaktari Grech na Latham walikuwa wamechapisha taarifa ya ugonjwa wa floridi katika eneo la kaskazini la Tanganyika. Serikali ilijua, na mwaka 1974 ikaweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa lita kwa maji ya vijijini, zaidi ya mara tano ya kile kinachopendekezwa leo kimataifa. Kiwango hicho hakikutokana na uchunguzi wa meno wala mifupa. Kilitokana na ukweli kwamba kiwango kikali zaidi kingelazimu kufunga visima ambavyo havikuwa na mbadala. Kwa wakati wake ulikuwa uamuzi wa kueleweka, kwani mtu hufa kwa kiu au kipindupindu upesi kuliko anavyopinda mgongo, lakini neno «muda» lilinyooshwa kupita kiasi: kiwango kilikuja kushushwa hadi miligramu 4, na ni katika viwango vya mwaka 2018 tu ndipo Tanzania ilipofikia 1.5. Kizazi kizima kilikua kati ya tarakimu hizo, na visima vingi vilivyochimbwa na kukubaliwa kihalali chini ya kiwango cha zamani bado vinachotwa.

Maji nayo si mtuhumiwa pekee. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Tanzania, wakishirikiana na wenzao wa Uholanzi, walikumbana na fumbo la watoto wenye meno yaliyoharibika vibaya katika vijiji ambavyo maji yake yalikuwa na floridi kidogo, na baada ya kulinganisha mwinuko wa vijiji, vyakula na desturi za jikoni, kidole kilielekea kwenye magadi, ile chumvi ya maziwa ya chumvi inayotiwa katika maharage na mboga ili zilainike. Kwa jiko la Singida ugunduzi huo si habari ya mbali. Mlenda, kitoweo kinachoandamana na ugali wa mtama au uwele katika nyumba nyingi za mkoa huo, hupata uteute wake mzuri kwa magadi, na mtoto huanza kuula mapema, mara tu anapoachishwa ziwa, ndani ya miaka ileile ambayo enameli inajengwa. Utafiti unaopima kisima na kuliacha chungu hupata nusu ya hesabu.

Mtu angeweza kudhani kwamba dawa ni kurudi kwenye visima vifupi, ambavyo maji yake ni machanga. Mjini haiwezekani kirahisi, kwa kuwa nyumba nyingi hutumia vyoo vya shimo, na kinachovuja humo hupeleka vimelea na naitreti katika maji ya juu. Dodoma, mji jirani wenye ukame na miamba inayofanana, umepimwa na kukutwa na naitreti inayozidi miligramu 400 kwa lita mahali fulani, wakati kiwango elekezi ni 50. Mkazi anayekimbia choo cha jirani huenda chini kwenye floridi, na anayekimbia floridi hupanda juu kwenye choo. Kuchemsha, ambako kwa haki kumehubiriwa miaka mingi kama kinga ya kuhara, hakuondoi floridi hata kidogo. Kwa vile sehemu ya maji hugeuka mvuke, kinachobaki sufuriani huwa na floridi nyingi zaidi.

Njia za kuiondoa zipo. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimejikita katika mkaa wa mifupa, yaani mifupa ya ng'ombe inayochomwa kwa hewa kidogo kisha kusagwa chengachenga ili maji yapite ndani yake na floridi inaswe. Njia ya Nalgonda, iliyobuniwa India, hutumia shabu na chokaa. Na mwaka 2015 Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela jijini Arusha alishinda tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi kwa chujio linalorekebishwa kulingana na uchafu wa mahali. Ugumu hauko katika kemia. Mkaa wa mifupa hushiba na lazima ubadilishwe, njia ya shabu huacha tope linalohitaji pa kutupwa, na chujio lisilo na mtu wa kulipima baada ya miezi kadhaa huendelea kutiririsha maji yanayoaminiwa bure. Kipimo cha mara moja, siku kisima kinapozinduliwa, nacho hakitoshi, kwa kuwa kemia ya maji hubadilika kati ya masika na kiangazi na kadiri kisima kinavyovutwa. Singida ina maabara ya ubora wa maji ya wizara, na kubandika matokeo yake kwenye kila kituo cha kuchotea kungegharimu karatasi na gundi.

Mvua ndiyo maji pekee ya Singida yasiyogusa mwamba. Tembe za Wanyaturu, kwa mapaa yake ya udongo, hazikuweza kuyakinga yakiwa safi, lakini bati limebadilisha hali hiyo: paa la mita za mraba 50, mvua ya milimita 600 ikinyesha juu yake, hupokea lita 30,000 kwa mwaka, na hata moja ya tano ikipotea, zikiwemo mvua za kwanza zinazopaswa kumwagwa kwa sababu ya vumbi na kinyesi cha ndege, hubaki lita 24,000. Familia ya watu sita inayotumia lita 30 kwa siku kwa kunywa na kupikia huhitaji chini ya lita 11,000 kwa mwaka mzima. Kikwazo ni kuhifadhi, kwani miezi saba ya kiangazi hudai tangi la zaidi ya lita 6,000, na simtanki la ukubwa huo si la kila mfuko. Kwa kuwa floridi huharibu meno yanayojengwa tu, hesabu inaweza kupunguzwa kwa walio hatarini zaidi: watoto wawili walio chini ya miaka minane, kwa lita tatu kila mmoja za kunywa na za uji, humaliza kiangazi kwa lita 1,260, na kuoga, kufua na kumwagilia bustani kukaendelea kwa maji ya kisima.