Petroli Inayovuja na Kutoweka

Kwenye barabara inayopanda kutoka Bungoma hadi Kitale kupitia Webuye na Kiminini, bado yanapita magari yaliyotimiza miaka 20 na zaidi, zikiwemo Toyota Corolla zilizoagizwa zikiwa zimetumika na pikapu za Peugeot 504, aina iliyozinduliwa Ufaransa mwaka 1968 na kushinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Hitilafu inayowachosha wenye magari hayo kuliko nyingi ni ya petroli inayovuja leo na kuacha kesho, ambayo gari likifikishwa gereji haionekani, fundi akaanza kubadilisha vipuri kwa kubahatisha. Kubahatisha huko ni gharama isiyo na sababu, kwa kuwa uvujaji wa namna hiyo hufuata masharti maalumu, na anayetaka kuupata hana budi kuyajua masharti hayo kabla ya kushika spana.

Sharti la kwanza ni kiasi cha mafuta kilichomo. Petroli hupanuka kwa takriban asilimia 0.1 kila joto linapopanda digrii 1 ya Selsiasi, kwa hiyo tangi la lita 50 lililojazwa pomoni katika baridi ya alfajiri ya Kitale, kisha likakaa juani Bungoma hadi mafuta yakaongeza joto kwa digrii 15, hutafuta nafasi ya lita 0.75 zaidi. Ziada hiyo huufikia mpira wa shingo ya tangi na gasketi ya geji iliyo juu yake, sehemu ambazo kwa kawaida haziguswi na mafuta, na iwapo zimepasuka, petroli hutoka hadi kiwango kishuke. Fundi anayelikagua gari hilo likiwa na robo tangi akasema hakuna kinachovuja atakuwa amesema kweli.

Mpira uliozeeka una tabia nyingine: hukauka, hukosa unyumbufu na hunywea kwa baridi, hivyo klipu haiushiki sawasawa mpaka injini ipate moto, ndipo unapotanuka na kuziba. Uvujaji unaoonekana dakika chache baada ya kuwasha gari asubuhi, kisha ukakoma, mara nyingi hutoka hapo. Shinikizo nalo lina sehemu yake, maana pampu ya gari lenye injekta husukuma petroli kwa takriban bari 3, ilhali ile ya gari lenye kabureta, yaani chombo kinachochanganya petroli na hewa, husukuma kwa takriban sehemu 1 ya 10 ya nguvu hiyo. Ufa unaotoa unyevunyevu tu katika gari la kabureta utarusha mafuta katika lile la injekta, na utanyamaza injini ikizimwa. Kabureta yenyewe husumbua kwa njia yake, kwani chembe ya uchafu ikikwama kwenye sindano inayodhibitiwa na floti, petroli hufurika, na mtikiso wa shimo moja barabarani waweza kuiondoa chembe hiyo, ushahidi ukapotea.

Mwinuko haupaswi kusahauliwa. Bungoma iko kwenye takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na Kitale takriban 1,900, tofauti inayopunguza kanieneo ya hewa ya nje kwa takriban asilimia 6, na kama bomba la kupumulia la tangi limeziba kwa vumbi, mvuke hujisukuma kupitia ufa wowote ulio dhaifu. Kifuniko kinachofoka hewa kikifunguliwa baada ya mpando huo ni dalili ya kuchunguzwa.

Vumbi la murramu, kwa upande mwingine, ni msaada mkubwa, kwa sababu hunasa palipolowa na kuacha doa jeusi hata petroli ikishakauka. Kwa hiyo gari lisioshwe chini kabla ya kukaguliwa, nalo doa lifuatiliwe kuelekea mbele na juu, kwa kuwa upepo wa mwendo huyarudisha mafuta nyuma.

Desturi ya kusugua sabuni ya kipande kwenye tangi lililotoboka hufaa kumfikisha mtu nyumbani tu: petroli haiyeyushi sabuni, lakini maji huiyeyusha, na mvua za Trans Nzoia hufungua tena tundu hilo. Tiba ni kubadilisha tangi au kulichomelea, kazi inayotaka uangalifu mkubwa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama ndani ya shimo la gereji, na hushika moto ukifikia asilimia 1.4 tu ya hewa. Kenya iliona ukali wa moto wa petroli Sachang'wan, karibu na Molo, tarehe 31 Januari 2009, zaidi ya watu 100 walipopoteza maisha. Tangi lililomwagwa petroli hubaki limejaa mvuke na huweza kulipuka likiguswa na moto, kwa hiyo lazima lishushwe, lioshwe hadi harufu iishe, na lijazwe maji hadi karibu na sehemu inayochomelewa, huku mdomo wake ukiachwa wazi.