Fahamu: Kuzeeka na jeraha la uti wa mgongo

Jeraha la uti wa mgongo ni kuumia kwa neva kuu ipitayo ndani ya pingili za mgongo, hata amri za ubongo zisifike viungoni, mtu akapooza na kupoteza hisi.

Umri ukisogea

Mabega, ambayo kwa miaka mingi yamesukuma kiti cha magurudumu yakishika kazi ya miguu, huchakaa mapema. Ngozi hupungua ustahimilivu, na vidonda vya mgandamizo havikawii.

Mazingira

Huko Kalemie, mji wa vilima nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kandoni mwa Ziwa Tanganyika, ambalo mwaka 2024 lilifurika likaingia majumbani, mchanga, matope na kizingiti cha choo huweza kumfunga mzee zaidi kuliko jeraha lenyewe. Sheria ya Kongo ya 2022 imethibitisha haki za wenye ulemavu. Kizingiti, walakini, chahitaji fundi na saruji.